Taaka Harriet na Kilomita Mbili za Bulumbi

Wasikilizaji wapendwa, nawasalimu mlioko Busia, pande zote mbili za mpaka. Nawasalimu wa Malaba, wa Tororo, wa Nagongera, na popote sauti hii inapofika. Kama unaweza, weka chini ulichoshika usikilize. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja wa Bulumbi. Jina lake Taaka Harriet. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita. Kazi yake ilikuwa kutunza barabara, na barabara hiyohiyo ndiyo iliyomuua.

Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi. Taaka Harriet, wa Bulumbi, mfanyakazi wa barabara. Alifariki Alhamisi ya wiki mbili zilizopita, saa mbili asubuhi, kwenye kalavati la bondeni, akiwa kazini. Kipindi hiki kwa kawaida ni cha upole. Leo mtanisamehe. Nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo najikasirikia mwenyewe. Mtasikia kwa nini.

Taaka alipewa kilomita mbili. Ndivyo kazi ya genge la barabara ilivyo. Kila mtu anapewa kipande chake, anapewa jembe, fyekeo na wilbaro, basi. Kipande cha Taaka kilianzia kwenye kona ya kanisa, kikateremka bondeni, kikavuka kijito juu ya kalavati, kikapanda tena kuelekea lami. Changarawe tupu. Alifyeka nyasi za pembeni. Alizibua mitaro. Alijaza mashimo. Alifanya hivyo miaka kumi na mmoja.

Redio yake ndogo aliining'iniza kwenye mkono wa wilbaro. Alisikiliza kituo hiki. Wenye bodaboda walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura, maana alikuwa hana salamu ya kawaida. Ukipita kasi, anakuuliza kama nyumbani kwenu kunaungua. Ukimwaga takataka mtaroni, anakuita kwa jina la ubatizo mbele ya watu wote, na utashuka uzoe.

Mumewe, Mzee Rasto Okochi, nilimkuta amekaa nje ya nyumba yao. Alicheka kidogo kabla ya kulia. "Huyu mama alikuwa naongea na barabara kuliko mimi," aliniambia. "Mvua ikianza kunyesha, watu wanakimbia ndani. Yeye natoka. Namuuliza, Mama Marion, unakwenda wapi? Ananiambia, nakwenda kuona maji iko napita wapi."

Binti yao Marion, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, aliongeza lake. "Jumapili tulikuwa tunachelewa kanisani kila mara. Mama akiona jiwe limetoka mahali pake, anainama analirudisha. Na gauni lake la kanisani!"

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tuje kwenye kalavati. Kalavati la bondeni lilipasuka miaka mitatu iliyopita. Bomba la zege lilikatika katikati, na maji yakaanza kula udongo kwa chini. Ukiwa juu, huoni kitu. Taaka aliona kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiingia ndani kwa magoti kutoa matope na magugu. Alimwambia msimamizi wake. Msimamizi akaandika. Mwaka uliofuata akamwambia tena, na msimamizi akaandika tena. Jembe haliwezi kuunganisha bomba la zege. Wilbaro haiwezi kubeba kifusi cha kujaza tundu lile. Ilihitajika greda, mabomba mapya, saruji na injinia.

Na hapa ndipo watu wa ofisi ya barabara, kule Tororo, wanapoingia. Niseme kwa haki. Wilaya ina barabara nyingi na pesa kidogo. Katika orodha yao kulikuwa na barabara thelathini na nne. Pesa za mwaka zilitosha barabara nne. Thelathini na nne, wasikilizaji, na pesa za nne. Kwa hiyo ni lazima kupima. Hii itagharimu kiasi gani? Itafaidisha watu wangapi? Faida ikiwa kubwa kuliko gharama, barabara inapanda juu. Faida ikiwa ndogo, inashuka. Sina ugomvi na hilo. Hata mama mwenye watoto sita na viatu jozi mbili hupima nani avae leo.

Lakini faida yao waliipimaje? Waliipima kwa kuhesabu magari. Mwezi wa pili mwaka jana, kijana anayeitwa Olupot alitumwa kutoka Tororo. Alikuja na kiti cha plastiki, koti la kung'aa la rangi ya machungwa, na fomu. Akakaa kwenye kona ya kanisa, siku saba, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kila chombo kilichopita, alikiandika.

Sasa nyinyi watu wa mpakani, mnajijua. Mnajua mtu mgeni mwenye koti la kung'aa, amekaa kando ya barabara, anaandika vinavyopita, ni nani. Kwetu sisi huyo ni mtu wa kodi. Kuna sukari iliyovuka bila karatasi. Kuna mafuta ya kupikia. Kuna piki ambayo namba yake haijulikani ilikotoka. Siku ya kwanza haijafika saa nne, na habari imeshafika mpaka sokoni.

Asubuhi ya siku ya pili, kijana wa bodaboda aitwaye Brian alipiga simu katika kipindi cha asubuhi cha kituo hiki. Alisema: "Waambie watu, kwa kona ya Bulumbi kuna mtu wa kodi, naandika namba ya piki." Mtangazaji akacheka. Akasema hewani: "Vijana wangu mmesikia. Njia mnazijua." Halafu akaweka muziki.

Mtangazaji huyo ni mimi. Nilisema kwa mdomo huu, kwenye kipaza sauti hiki. Sikuuliza, sikumtuma mtu kuangalia, sikupiga simu hata moja.

Na njia mlizijua kweli. Wenye magari wakazunguka kwa barabara ya juu. Wenye bodaboda wakakata kona kabla ya kanisa, wakapita katikati ya shamba la mihogo, wakavuka kijito mahali palipokauka, wakatokea mbele. Kiangazi kilikuwa kikali, kijito unakiruka. Barabara ikabaki kimya.

Taaka alisikia maneno yangu akiwa mtaroni. Redio ilikuwa inaning'inia pale pale kwenye wilbaro. Marion anasema mama yake aliacha fyekeo chini, akaenda moja kwa moja hadi kwa Olupot. Akamuuliza kazi yake. Olupot, kijana wa watu, akamwonyesha fomu. Kalavati la Taaka lilikuwa kwenye fomu ile. Alielewa palepale. Kila piki iliyopita shambani ilikuwa inamnyima kalavati.

"Mwanangu," alimwambia, "watu yako wote wanapita kule kwa mihogo. Beba kiti, twende tuhesabu kule."

Olupot akamjibu, "Mama, mimi natumwa nihesabu barabara. Sikutumwa shamba."

Basi Taaka akaenda mwenyewe. Alisimama pale wanapokatia kona, mikono ameipanua, anazuia piki moja moja. "Piteni huku! Si kodi! Anahesabu tu, tupate kalavati!" Brian alikuwepo, na hakatai. Walimcheka. Mmoja wao alimwambia, "Mama Marion, wewe nalipwa na serikali. Utasema nini ingine?" Na wakapita mihogoni. Miaka kumi na mmoja anawazibia mashimo, na siku aliyowaomba jambo moja, wakaona ametumwa.

Alipiga simu hapa kituoni pia. Ninalijua hilo kwa sababu niliambiwa. Mwenzangu alinionyesha kwa ishara nyuma ya kioo kwamba kuna mama wa barabara ya Bulumbi kwenye simu. Nikaonyesha kwa mkono: baadaye. Baadaye sikumpigia.

Wasikilizaji wapendwa, matokeo yalisomwa mwezi wa tano katika mkutano wa kata. Barabara ya Bulumbi: magari kumi na moja kwa siku. Kumi na moja! Piki ishirini na tatu. Watembea kwa miguu hawakuwa na safu yao katika fomu. Baiskeli zilikuwa na safu, lakini baiskeli kumi zilihesabiwa chini ya gari moja. Gharama ya kalavati: kubwa. Faida: ndogo. Nafasi katika orodha: ya thelathini na moja kati ya thelathini na nne.

Taaka alinyanyua mkono. Alisema hesabu ile si ya kweli, akaeleza kisa chote, pamoja na redio. Injinia alimsikiliza, simsingizii. Halafu akamwambia kwamba kompyuta inafanya kazi na takwimu zilizoingizwa, na hesabu nyingine itakuwa baada ya miaka mitatu. Akamshukuru kwa kazi nzuri. Watu wakapiga makofi, mkutano ukafungwa kwa maombi.

Mwingine angechoka. Taaka alinunua daftari. Shule yake iliishia darasa la nne, lakini kuchora kijiti cha kuhesabia anajua kila mtu. Marion alimpigia mistari, akamwandikia vichwa vya safu. Siku saba Taaka alikaa kwenye kona ileile, anafanya kazi yake kwa jicho moja na kuhesabu kwa jingine. Daftari hilo nimelishika kwa mikono yangu. Magari arobaini na moja kwa siku. Piki mia tatu themanini na nane. Halafu kuna safu ambazo fomu ya Tororo haikuwa nazo. Wanawake wenye mzigo kichwani. Watoto wa shule. Mgonjwa juu ya baiskeli. Na siku ya Jumamosi, kwa mwandiko wa Marion: "Jeneza, moja. Limepita mara mbili, limekuta bonde limejaa, limerudi." Ilikuwa mvua ya kwanza ya msimu, na maji hayakuwa yamefika hata magotini, lakini kwa mwenye jeneza begani yalitosha kumrudisha.

Alilipeleka Tororo yeye mwenyewe. Alipanda gari Busia, akashuka, akakaa kwenye benchi ya ofisi kuanzia saa tatu hadi saa nane. Aliyempokea alifungua kurasa mbili. Akamwambia, "Mama, hii ni kazi nzuri, lakini haina muhuri." Akamrudishia.

Haina muhuri! Samahani kwa kupandisha sauti. Mtu ambaye wao wenyewe wamemwajiri, wamempa jembe, wanamwamini kwa kilomita mbili, hawamwamini kwa penseli. Olupot alikaa pale siku saba, takwimu yake ikaitwa ukweli. Taaka alikaa pale miaka kumi na mmoja.

Mwaka huu mvua za masika hazikuwa na utani. Jumatano ile ilinyesha mchana kutwa. Alhamisi ni siku ya soko, na watu huanza kushuka mapema. Taaka alikunywa chai akiwa amesimama. Mzee Rasto anakumbuka kwamba alichukua shati lake jekundu kwenye kamba. "Nikamuuliza, shati yangu unaipeleka wapi? Anasema, leo hii ndiyo bendera." Alilifunga kwenye mpini wa fyekeo, akateremka bondeni.

Maji yalikuwa juu ya barabara. Alisimama upande wa Bulumbi, akipunga shati. Akawarudisha wanawake wenye ndizi. Akawarudisha wenye kuku. Walionung'unika kuhusu soko aliwaambia soko liko Alhamisi ijayo pia. Upande wa pili mtu mmoja mwenye busara alizuia wengine. Mpaka saa mbili, hakuna hata mtu mmoja aliyevuka.

Saa mbili akafika Brian. Ndiyo, Brian yule. Alikuwa na abiria mmoja, na haraka zake. Nimemwomba aseme hewani, amekataa kwa sababu hawezi kumaliza bila kulia, lakini ameniruhusu niwasomee maneno yake. "Nilimwambia, Mama Marion, mimi napita pole pole tu. Akasema, Brian, shuka! Nikaendelea kidogo. Akakimbia, akashika usukani, akasukuma piki nyuma na nguvu yake yote. Mimi nikaanguka huku na abiria. Yeye akabaki pale piki ilikuwa. Halafu pale hapakuwa tena."

Ardhi ilizama. Kalavati ambalo Taaka aliwaambia linaliwa kwa chini, lilikuwa limeliwa. Wanaume walishuka na kamba. Walimpata kabla ya saa nne, umbali wa kiwanja cha mpira kutoka pale. Taaka Harriet, miaka arobaini na sita. Mke wa Rasto Okochi. Mama wa Marion na wadogo zake watatu.

Nilidhani kisa kinaishia hapo. Hakikuishia hapo. Siku ya tatu baada ya mazishi, watu wakiwa bado matangani, gari la ofisi lilileta barua. Marion aliisoma kwa sauti mbele ya wazee na majirani. Barua ilitoa pole. Kisha ikaeleza kwamba katika upimaji wa barabara kuna safu ya usalama, na kwamba kutokana na kifo kimoja kilichothibitishwa, barabara ya Bulumbi imeongezewa alama. Haiko tena nafasi ya thelathini na moja. Sasa ni ya nne. Kalavati litajengwa mwaka huu.

Mzee Rasto alimwomba binti yake asome tena mstari wa alama. Akausoma. Kisha mzee akauliza, "Hiyo karatasi iko na muhuri?"

"Iko, baba," Marion akajibu.

"Basi wamepata kuhesabu," akasema. Akaingia ndani.

Kesho yake greda likaja. Walishindwa kungoja hata matanga yaishe. Turubai la waombolezaji lilikuwa limeingia kidogo barabarani, na msimamizi wa greda akaomba kwa adabu sana lisogezwe. Majirani wakainuka na viti vyao. Wazee wa watu, wameshika viti mkononi, wanapisha mashine ambayo marehemu aliiomba miaka mitatu. Nilikuwepo. Mimi pia nilibeba kiti, na sikuwa na uso wa kumtazama mtu.

Kwa Mzee Rasto, kwa Marion na wadogo zake, kwa wenzake wote wa genge la barabara: poleni sana. Mungu awape nguvu, na amlaze Taaka mahali pema. Kituo kinawapa pole. Na mimi binafsi nawaomba msamaha, kwa sababu simu yake ilinifikia na sikuipokea. Marion ameniambia msamaha huo ataufikiria. Hajanipa bado, na sitamharakisha.

Kwenu vijana wa bodaboda. Mwaka jana niliwaambia njia mnazijua. Leo nafuta kauli hiyo. Mkimwona mtu anahesabu, piteni mbele yake. Piteni na sukari yenu, mbebe lawama yenu, lakini mhesabiwe. Kwenu wa ofisini, kupima si dhambi. Ila fomu isiyo na nafasi ya mwanamke mwenye mzigo kichwani, na yenye nafasi ya maiti yake, nani aliyeitunga? Kaeni nayo muitazame.

Na jambo la mwisho, wasikilizaji wapendwa. Pesa zilikuwa za barabara nne. Bulumbi imepanda ikawa ya nne. Kwa hiyo barabara iliyokuwa ya nne imesukumwa ikawa ya tano, na mwaka huu haitapata kitu. Nimeuliza ni ipi. Ofisi haijanijibu. Lakini mahali fulani kati ya Busia na Tororo, asubuhi hii, kuna mtu ameinama na jembe kwenye barabara hiyo, naye anajua kitu kinaliwa kwa chini. Simjui jina. Nataka nilijue angali hai. Namba ya simu ya kituo ni ileile, na safari hii napokea mwenyewe.